UZI: Kuanza uigizaji ukiwa Zanzibar, kilichonikwamisha na kilichonisogeza

Binti wa Limbani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Vijana wengi wa kwetu wanauliza humu jambo lile lile: "Nataka kuigiza, nianzie wapi, au nihamie Dar?" Majibu wanayopewa ni mawili. Mmoja atasema huku hakuna filamu, hama. Mwingine atasema ukiwa na kipaji utaonekana tu. Mie naona yote mawili yanawapoteza watoto wa watu.

Mie ni mtoto wa Wete, Pemba, naishi Unguja kwa ami yangu, Jang'ombe. Jina kubwa sina bado, ila naigiza na nalipwa, na njia nimeipita kwa miguu yangu. Nitaandika vipande vipande, mwenye swali aingie katikati asisubiri nimalize.

Ninachokiamini ni hiki: hapa kwetu mwigizaji anajengwa na kazi ambazo watu hawazihesabu kuwa uigizaji. Mchezo wa redio, igizo la uhamasishaji kijijini, sauti ya tangazo, kuingiza sauti kwenye tamthilia za kigeni. Anayezipita hizo akingoja filamu atangoja sana, na siku filamu ikija itamkuta mikono mitupu.

Binti wa Limbani

Naanza na vijijini, maana huko ndiko nilikopata skuli yangu ya kweli.

Nilipofika Unguja nilikuwa na ngonjera za skuli na halaiki tu. Nikajiunga na kikundi cha maigizo cha Ng'ambo, tunafanya mazoezi baada ya alasiri kwenye darasa la skuli, tukimaliza tunapanga madeski kama tulivyoyakuta. Kazi zetu nyingi zilikuwa za asasi: malaria, watoto kuachishwa skuli, na khasa udhalilishaji wa wanawake na watoto. Unapakiwa kwenye gari asubuhi, unashushwa Makunduchi au Nungwi, jukwaa ni kivuli cha mwembe. Kipaza sauti hakuna. Watoto wamekaa mbele kabisa, kina mama pembeni na kanga zao, wanaume wamesimama nyuma kama wanapita njia, na nyuma yao kuna mtu anakuna nazi na mwengine anapasua kuni. Sauti yako lazima ifike kwa yule wa mwisho bila kuwa kelele. Mwalimu wetu alikuwa anatuweka mkono tumboni tukisema maneno, akiona mabega yanapanda anasimamisha zoezi.

Na igizo lenyewe haliishii tunapoishia sisi. Tukifika pahala pazito tunaganda, mwongozaji anawageukia watu: "Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?" Kijiji kimoja cha Kusini tulikuwa na mhusika mjomba anayeficha kesi ya mtoto wa dadaake ili ukoo usiaibike. Kimya. Halafu bibi mmoja akanyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaingia uwanjani akasimama mbele ya yule mjomba na kumwambia, "Wewe huogopi aibu, unaogopa kuitwa shehani." (Shehani ni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.) Hayo hayakuandikwa popote kwenye mswada. Mwenzetu aliyekuwa mjomba ilibidi ajibu papo hapo, akiwa bado mjomba, asicheke, asirudi kuwa yeye. Mie nilikuwa nacheza mtoto, nimekaa chini. Niliposikia sauti ya yule bibi nilianza kulia, na kilio kile sikukipanga.

Siku ile ndiyo nilijua kuwa kazi kubwa ya mwigizaji ni kumsikia mwenzake. Darasani tulikuwa tunaambiwa kila siku, lakini mpaka mtu akuseme bila mswada ndiyo unaelewa.

Mpemba wa Ilala

Dada, nakupongeza, ila tusiwadanganye vijana. Mie niko Dar mwaka wa pili. Stesheni nyingi za televisheni ziko huku, watayarishaji wako huku, tamthilia za kila wiki zinarekodiwa huku. Kijana akikaa Zanzibar akicheza chini ya mwembe kwa posho ya soda na nauli, atazeeka hapo hapo.

Binti wa Limbani

Kaka yangu, Dar kazi ni nyingi kuliko huku, hilo halina ubishi na sitawaambia watu wasiende. Lakini tuseme na upande wa pili. Nimewaona wenzetu wameondoka na begi moja na picha kwenye simu, wakapanga chumba, kodi ikawala, wakaishia kufanya kazi za duka na usaili hawaendi kwa sababu bosi hatoi ruhusa. Mtu wa namna hiyo anakaa mwaka mzima bila kusema sentensi moja mbele ya watu. Mie mwaka huo huo niko kijijini nasemeshwa na bibi wa Kusini.

Boti za kwenda kasi zinachukua takriban saa mbili kutoka bandari yetu ya Malindi, Unguja, mpaka Dar. Kwangu mie mtu aende akiitwa na kazi au usaili wa kweli, afanye, arudi. Akishakuwa na kazi za kumlipia chumba, hapo ahame kwa amani. Mwenye nafasi ya kusoma pia aende, TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha sanaa za maonyesho tangu 1981, wakati huo ikiitwa Chuo cha Sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara yake. Hiyo ni safari yenye sababu.

Mpemba wa Ilala

Kwenye hilo la kodi umenigusa. Sina la kuongeza.

MamaWawili

Mwanangu, mie si msanii, ni mzazi. Binti yangu yuko kidato cha tatu na hana analosema ila maigizo. Babaake hataki kusikia. Nyinyi wazee wenu mliwaambiaje?

Binti wa Limbani

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote kwenye uzi huu.

Babaangu alikataa, tena kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ngumu zaidi. Hakuwa na ubaya. Alichokuwa anakiona ni mtoto wa kike anarudi usiku, hajulikani kafuatana na nani, na kesho picha yake inazunguka kwenye simu za watu. Mie nilikuwa namjibu habari za ndoto zangu, wakati yeye anauliza habari za usalama wangu.

Aliyeifungua njia ni kiongozi wa kikundi chetu. Alikuja kwa ami, Jang'ombe, na mkewe, wamevaa kama watu waliokuja kuposa. Wakakaa mkekani, kahawa ikaja, na yule mama ndiye aliyesema zaidi. Akaeleza mazoezi yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi, nani anawasindikiza wasichana mpaka mlangoni, nguo gani hatutavalishwa, na kwamba mzazi yeyote anaweza kuja mazoezini bila kutoa taarifa. Ami akatia masharti yake: magharibi inikute nyumbani, na mchezo wa kushikana na mwanamme sichezi. Kisha ndiye aliyempigia babaangu simu. Masharti yale nayashika mpaka leo, na yameniponya mara nyingi, maana mtu akinitaka jambo nisilolitaka nina jibu la haraka: kwetu hawakuridhia.

Kwa hiyo mama, usianze na baba. Anza kukijua kikundi. Nenda mazoezini ukakae nyuma uone wanavyosemeshana. Ukiridhika wewe, mwambie kiongozi aje mwenyewe kwa miguu yake. Kikundi ambacho kiongozi wake hawezi kuja kukaa na wazazi, mwanao asiingie.

Na skuli amalize. Mswada unasomwa, mkataba unasomwa.

MamaWawili

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa vizuri sana. Allah akuhifadhi.

Mzee wa Kikwajuni

Nawasoma vijana wangu kwa furaha. Nataka kuongeza jambo moja ili mjue hamkuanza nyinyi. Zamani za Siti binti Saad kulikuwa na natiki, michezo mifupi ya kuchekesha iliyoingizwa kati ya nyimbo za taarab, na watu wakiisubiri kama wanavyosubiri wimbo. Baadae michezo ya redio ikawa ndiyo mwalimu wetu, ikitoka studio za Rahaleo. Miaka ya 1970 ikaja televisheni ya rangi hapa Unguja, Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Tulikuwa tunakusanyika kwa jirani mwenye seti, vyumba havitoshi, wengine wanatazama kwa dirishani.

Wale waigizaji wa redio walikuwa makarani, mafundi, walimu. Jioni wanakwenda studio. Hakuna aliyekuwa akila kwa sanaa peke yake, lakini sauti zao mtu wa Tumbatu na mtu wa Konde alizijua. Msidharau kufanya kazi nyengine mchana.

Binti wa Limbani

Ahsante sana babu. Umeniingiza pahala nilipotaka kwenda, redio.

Nilipoitwa mara ya kwanza kusoma mchezo wa redio nilidhani ni kazi nyepesi, unasoma karatasi. Sauti yangu ya mwembeni nikaipeleka studio, fundi akavua hedifoni masikioni. Pale nikafundishwa upya. Kipaza sauti hukisemi usoni, unasimama upande kidogo, kwa sababu herufi "p" na "b" zinapuliza upepo na kule kwenye kurekodi zinasikika kama mtu anagonga mlango. Karatasi hazibanwi pini. Kila ukurasa peke yake, ukimaliza unauteremsha chini taratibu bila kuukunja, maana kunjo la karatasi linasikika nyumba nzima. Bangili vua. Baibui la kitambaa kinachochakarika usivae siku ya kurekodi. Na kama mhusika amekaa, kaa, kwa sababu sauti ya mtu aliyesimama haifanani na ya mtu aliyekaa.

Kubwa zaidi, redioni huna macho wala mikono ya kukusaidia. Ukitaka kumwambia mumeo wa mchezo kwamba umejua anakudanganya, yote iwe kwenye namna unavyomwita jina lake. Nilikaa na hilo neno moja, jina tu la mwanamme, nikilisema kila namna jikoni kwa ami mpaka shangazi akaingia kuuliza namwita nani.

Malipo yalikuwa madogo. Lakini mchezo ulipotoka mamaangu alikuwa Wete, na jirani akaja mpaka ukumbini kumwambia, "Huyu si mwanao?" Babaangu hakusema kitu kwangu. Wiki iliyofuata akaniuliza kwa simu kama mchezo unaendelea na unatoka saa ngapi.

Fundi Sauti

Hapo kwenye kipaza sauti nakuunga mkono mia kwa mia, ni kazi yangu. Naongezea habari ya kuingiza sauti, kwa sababu vijana wa Zanzibar wana nafasi huko na wengi hawajui.

Hii si kazi mpya. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na 2016 StarTimes, kampuni ya Kichina ya televisheni, waliendesha mashindano ya sauti hapa Tanzania, walioshinda wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Siku hizi kuna na za Kituruki na Kihindi, nyingi zinafanyika Dar.

Kazi yenyewe iko hivi. Unavaa hedifoni, unasikia sauti ya asili, macho yako kwenye skrini. Mdomo wa mhusika ukifunguka nawe uwe umeanza, ukifunga uwe umemaliza. Herufi m, b na p zinafunga midomo, kwa hiyo mhusika akionekana kwa karibu amefunga midomo na wewe unasema "a", mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kiswahili mara nyingi kinakuwa kirefu kuliko maneno ya asili, hapo mfasiri anakata na mwigizaji anaongeza kasi bila kusikika kama anakimbizwa. Pumzi nazo zinaigizwa. Mhusika akipanda ngazi, weye uliyesimama studio uheme kama aliyepanda ngazi.

Mtu aliyetoka kwenye michezo ya redio anajifunza haya haraka kuliko aliyetoka kwenye video za simu. Nimewaona wa aina zote mbili.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Dada, na filamu je? Hujatwambia ya kamera.

Binti wa Limbani

Nakuja huko.

Timu za kurekodi zinakuja Mji Mkongwe mara kwa mara kwa ajili ya milango na vichochoro, na zinahitaji watu wa kupita nyuma. Mie nilianza hivyo. Saa kumi na moja alfajiri uko Forodhani, unavishwa, unakaa. Unakaa tena. Jua linapanda, chai inapoa, hujaitwa. Wenzangu wengine walikuwa wanaondoka kwenda kutafuta chipsi, wakirudi nafasi yao imejazwa. Mie nilikuwa nakaa karibu na kamera kadiri nilivyoruhusiwa, natazama mwigizaji mkubwa anafanya nini kati ya mara moja na nyengine. Hafanyi kitu. Anakaa kimya, hapigi soga, hachezei simu.

Siku moja wakahitaji mtu wa kuleta sinia la kahawa na kusema sentensi moja, wakanichagua mie. Nikaingia nikaigiza uchovu wote wa mtumishi wa nyumba, mgongo umepinda, pumzi nje nje. Mwongozaji akaniita pembeni, akaniambia taratibu: "Usinionyeshe umechoka. Weka sinia." Nikaweka sinia. Vikombe viligongana kidogo kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka kweli, nikaushika ukingo wa sinia kwa mkono mwengine vinyamaze, nikasema sentensi yangu. Akapiga kelele wapite kwengine, ameipata.

Halafu ikabidi niirudie kutoka upande wa pili wa kamera, na msichana wa mwendelezo, yule anayehakikisha picha zinafuatana sawasawa, akaniuliza niliushika ukingo kwa mkono gani na kwenye neno gani. Nilikuwa nakumbuka. Alinitazama akaandika jina langu kwenye daftari lake, na kazi iliyofuata ilitoka kwenye daftari lile.

Mwembeni kila kitu unakipeleka nje kwa mtu wa mwisho. Kamera inakuja yenyewe mpaka usoni, unachotakiwa ni kuwa na kitu ndani. Anayejua yote mawili ana bahati, lakini ajue yupo wapi leo.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Na malipo? Mie nilicheza kazi moja nikaambiwa "tutawasiliana", mpaka leo.

Binti wa Limbani

Pole sana kaka, na si weye peke yako. Mie nimefanyiwa hivyo na watayarishaji fulani: siku nyingi za kazi, chakula juu ya chakula, maneno matamu, mwisho wa kazi simu haipokelewi. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimemuahidi shangazi kuchangia sikukuu. Ramadhani ile nilikuwa napika vileja na visheti vya watu mpaka usiku, maana mwezi mzima maigizo yamesimama na mfukoni hamna kitu. Naliandika hili kwa hasira bado, sitaficha. Mtu anayekula jasho la msanii mchanga anajua kuwa huyo hana wakili wala ubavu wa kumfuata.

Tangu hapo siingii kazini bila karatasi. Si lazima iwe na mihuri. Iseme ni siku ngapi, pesa kiasi gani na zinalipwa siku gani, nauli na chakula juu ya nani, na picha yangu itatumika wapi. Hilo la mwisho watu wanalisahau, unakwenda kucheza igizo moja unakuta uso wako kwenye tangazo la bidhaa. Nusu ya pesa naiomba kabla. Wapo waliokasirika wakanipita, na waliobaki ndio hao ninaofanya nao kazi mpaka sasa.

Kwa sheria, Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na ofisi inayosimamia hakimiliki, COSOZA, na filamu inahitaji kibali cha BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Mtayarishaji akikuita kazini muulize kibali kiko wapi. Aliyekwepa kibali atakukwepa na weye.

Mzee wa Kikwajuni

Vijana wa vikundi anzisheni na mfuko wenu. Kila kazi ikilipwa mkatie kidogo. Msanii anashindwa ile miezi ya katikati, kazi moja imekwisha na nyengine haijaja.

Binti wa Limbani

Tunao babu, na ndio ulionivusha Ramadhani ya pili.

Namalizia na ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la hapa Zanzibar, kwa sababu kila mwaka naona vijana wanapiga picha mlangoni Ngome Kongwe na kuondoka. Tamasha hili liko tangu 1998, filamu zinakuja mlangoni kwetu kutoka nchi za jahazi, za kando ya Bahari ya Hindi, na waliozitengeneza wanakaa pale pale kwenye ngazi za mawe. Ingia utazame. Tazama filamu ambayo lugha yake huijui kabisa, uone kama unamwelewa mwigizaji. Hudhuria warsha. Filamu ya lile sinia niliitazamia kwengine, kwenye ukumbi mdogo, na jina langu lilipita mwishoni limeandikwa sawasawa mpaka la babaangu. Nililipiga picha nikamtumia yeye mwanzo.

Mwana wa Konde

Dada nimesoma uzi wote. Mie niko Konde, kidato cha nne, mvulana. Kwetu hakuna kikundi. Nifanye nini sasa hivi, kabla ya kufika Unguja?

Binti wa Limbani

Mdogo wangu, soma kwa sauti kila siku, gazeti au riwaya, simama usome, ujirekodi kwa simu na ujisikilize. Lahaja yako ya Kipemba usiifute, jifunze kuivua na kuivaa, maana kuna wahusika watakaoitaka. Watafute wenzako watatu hapo skuli na mwalimu mmoja wa Kiswahili, mcheze kisa kifupi siku ya wazazi. Hicho ni kikundi tayari.

Kikundi chetu kitakuja Pemba baada ya mitihani yenu, tutafanya mazoezi ya wazi Gombani. Nitaweka siku na saa kwenye uzi huu huu. Njoo na kakaako au mzazi, na uje umelijua kwa moyo shairi lolote la beti nne. Tutakupa nafasi ulisome mbele ya watu.

Mwana wa Konde

Nitakuja na mama. Ahsante dada.